Tembe ya Mwenzako Hukupimiwa Wewe

Wiki hii naziacha seva na programu huria zipumzike kidogo. Nataka tuongee kuhusu tembe.

Namaanisha zile dawa za kuchangamsha ubongo ambazo daktari humwandikia mtu mwenye ADHD, yaani tatizo linalomfanya mtu ashindwe kutulia, kuzingatia jambo moja au kujizuia. Inayojulikana zaidi ni methilifenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la kibiashara Ritalin. Nyingine ni za ukoo wa amfetamini, kama Adderall, ambayo vijana wetu huisikia sana kutoka Marekani. Wapo waandishi wa programu wanaozimeza bila kuandikiwa na daktari, wakiamini zitawaongezea akili. Najua hivyo kwa sababu nami nilikuwa mmoja wao, kwa siku tatu tu. Siku tatu zilitosha.

Ilikuwa Ijumaa. Tulikuwa tunamtengenezea mteja mfumo wa malipo, na Jumatatu asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya kumkabidhi. Majaribio yalikuwa yanafeli ovyo, nami sikuwa nimelala vizuri wiki nzima. Dawati la pili aliketi jamaa ambaye ni rafiki yangu mpaka leo. Yeye ana ADHD. Aligunduliwa akiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kuitwa mzembe, na daktari wa magonjwa ya akili akamwandikia Ritalin, tembe mbili za miligramu 10 kwa siku. Nikamwomba: "Ndugu yangu, niokoe, nimalize hii kazi tu." Akasitasita, kisha akanipa tembe sita. Alinihurumia.

Kusema kweli, usiku ule nilijiona mfalme. Usingizi ulitoweka, njaa ikatoweka, vidole vikakimbia kwenye kibodi. Jumamosi hivyo hivyo. Jumapili usiku nilijilaza macho makavu, moyo ukinidunda kama ngoma, nikaamka kusoma nilichoandika. Nilikuwa nimeandika upya sehemu nzima ya kupanga tarehe. Ilipendeza ajabu. Shida ni kwamba sehemu hiyo haikuwa na hitilafu hata moja! Majaribio yaliyofeli Ijumaa yalikuwa bado yanafeli. Kazi tuliikabidhi Jumatano, siku mbili baada ya wakati.

Hayo ni yangu. Ya rafiki yangu ndiyo yanayoniuma. Tembe zake zilikuwa zimehesabiwa zimfikishe Alhamisi, siku ya kumwona daktari. Baada ya kunipa sita, Jumatatu, Jumanne na Jumatano hakuwa na kitu. Duka la dawa lilikataa kumuuzia bila cheti kipya, na lilikuwa na haki. Jumanne alisahau kipakatalishi chake ndani ya matatu. Jumatano alikosa mkutano aliouitisha yeye mwenyewe, akapewa barua ya onyo. Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenilaumu.

Tangu siku hiyo nimesoma sana kuhusu dawa hizi, na leo nataka kuwaambia nilichojifunza.

Tuanze na namna zinavyofanya kazi. Seli za ubongo huzungumza kwa kurushiana kemikali, zikiwemo dopamini na noradrenalini. Ujumbe ukishafika, seli iliyoutuma huzirudisha kemikali hizo ndani ili zitumike tena. Methilifenideti huziba mlango huo wa kurudia, kwa hiyo kemikali hubaki nje kwa muda mrefu zaidi na ujumbe husikika kwa nguvu. Amfetamini huenda mbali zaidi, kwani pia huisukuma dopamini itoke kwa wingi. Kwa mwenye ADHD, kipimo kinachomfaa humwezesha kushika jambo moja na kulifikisha mwisho. Lakini noradrenalini haifanyi kazi ubongoni peke yake. Huamrisha moyo na mishipa ya damu pia. Ndiyo sababu mapigo ya moyo na presha hupanda, hamu ya chakula hupungua na usingizi hukimbia.

Dawa zenyewe si ngeni. Methilifenideti ilitengenezwa mwaka wa 1944 na Leandro Panizzon, mwanakemia wa kampuni ya Ciba huko Uswisi, na jina Ritalin likatokana na jina la mkewe, Rita. Amfetamini ni kongwe zaidi, ya mwaka wa 1887. Mnamo 1937 daktari Mmarekani Charles Bradley aliripoti kwamba Benzedrine, amfetamini ya siku hizo, iliwatuliza watoto wenye matatizo ya tabia na kuwasaidia masomoni. Miaka michache baadaye, katika Vita vya Pili vya Dunia, majeshi yaliwagawia askari dawa za ukoo huo huo ili wasilale. Watoto wa Bradley walikuwa na daktari aliyewatazama kila siku. Askari walikuwa na kazi iliyotakiwa kuisha, basi. Wewe unayemeza tembe ya kuomba, uko upande gani? Mimi nilikuwa askari.

Sasa tuje kwenye swali ambalo kila mwandishi wa programu huniuliza: je, zinaongeza akili? Mwaka wa 2023 watafiti wa Melbourne na Cambridge walichapisha utafiti katika jarida la Science Advances. Waliwachukua watu 40 wasio na ADHD, wakawapa fumbo ambalo kila aliyesomea tarakilishi analijua, lile la mkoba: una vitu vingi, kila kimoja kina uzito na thamani yake, na mkoba hauwezi kubeba zaidi ya uzito fulani. Je, utapakia vipi ili upate thamani kubwa zaidi? Kila mtu alilifanya fumbo kwa nyakati tofauti akiwa amemeza methilifenideti, modafinili, deksitroamfetamini au tembe tupu isiyo na dawa. Waliomeza dawa walijitahidi zaidi. Walitumia muda mrefu zaidi na kuhamisha vitu mara nyingi zaidi. Lakini ubora wa majibu yao ulishuka, na waliokuwa juu ya wastani bila dawa walielekea kuteremka chini yake.

Nilipousoma utafiti huo nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimejiona mwenyewe, Jumamosi usiku, nikihamisha tarehe huku na huku! Dawa iliniongezea bidii, haikunionyesha bidii hiyo niipeleke wapi. Katika kazi yetu bidii isiyo na mwelekeo ni hasara, kwa sababu kila mstari unaoandika leo kuna mtu atakayeusoma kesho akitafuta hitilafu.

Najua kuna atakayesema, "Mbona Paul Erdős?" Ni haki kuuliza. Erdős alikuwa mwanahisabati mashuhuri kutoka Hungaria aliyetumia amfetamini kwa miaka mingi. Mwaka wa 1979 rafiki yake Ronald Graham aliweka dau la dola 500 kwamba hangeweza kuziacha kwa mwezi mmoja. Erdős aliziacha, akachukua pesa, kisha akalalamika kwamba hisabati ilikuwa imerudishwa nyuma kwa mwezi mzima. Wengi huisimulia hadithi hii kama ushahidi kwamba dawa ndizo zilizofanya kazi. Mimi naona jambo lingine. Ubongo uliozoea dawa kwa miaka, ukinyimwa ghafla, hulegea. Mwezi ule ulituonyesha Erdős akiwa amenyimwa dawa. Haukutuonyesha Erdős ambaye hakuwahi kuzianza, na huyo hatutamjua kamwe. Isitoshe, tunamkumbuka yeye kwa sababu alifaulu. Walioharibikiwa hawasimuliwi.

Msinielewe vibaya. Siandiki haya kuwatisha wenye ADHD waache dawa zao. Watu wengine husema ADHD ni mtindo wa Wazungu au ni ukosefu wa kiboko utotoni. Waje wamwone rafiki yangu katika siku zile tatu! Utafiti wa Uswidi uliochapishwa 2024, uliofuatilia watu zaidi ya 148,000, ulikuta kwamba walioanza dawa baada ya kugunduliwa kuwa na ADHD walikufa kwa uchache kuliko wasioanza, katika miaka miwili iliyofuata. Utafiti mwingine kutoka huko huko Uswidi, wa 2023, ulikuta kwamba matumizi ya miaka mingi yanaendana na ongezeko la magonjwa ya moyo na mishipa, hasa presha. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Dawa inasaidia, na dawa inahitaji mtu wa kuiangalia.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Wengi wetu tunakiona cheti cha daktari kama kizuizi, kama ukurasa wa kuingia unaotaka neno la siri, na sisi wana-tarakilishi tukikuta kizuizi hutafuta njia ya kukizunguka. Cheti ni kitu kingine kabisa. Nyuma yake kuna daktari aliyekuuliza kama kuna mtu kwenu aliyekufa ghafla kwa moyo, kama umewahi kuzirai, kama kuna historia ya ugonjwa wa akili, unatumia dawa gani nyingine. Kuna presha iliyopimwa. Kuna kipimo kilichoanza kidogo kikapandishwa polepole, kwa sababu watu wawili wenye uzito sawa wanaweza kuhitaji vipimo tofauti. Na kuna siku ya kurudi. Kuchukua tembe ya mwenzako ni kama kunakili faili ya mipangilio kutoka seva moja kwenda nyingine bila kuisoma. Pengine itawaka. Pengine itaunguza kila kitu, nawe hutajua kwa nini.

Mwaka wa 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo lililoandikwa ndani ya kisanduku kwenye dawa hizi zote, kuhusu matumizi mabaya, uraibu, kuzidisha kipimo na kifo. Onyo hilo linataja pia hatari ya kumpa mtu mwingine dawa yako. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 2022, FDA ilikuwa imetangaza uhaba wa Adderall, na wagonjwa wa kweli wakazunguka maduka wakiitafuta. Na anayenunua mtandaoni bila cheti hajui anameza nini. Huko Marekani zimekamatwa tembe bandia za Adderall zenye fentanili, ambayo chembe zake chache huua.

Sisi Wakenya tusijione tuko mbali na mambo haya. Miraa tunayoitafuna ina kathinoni, kemikali iliyo jamaa wa karibu wa amfetamini. Mtu anayechanganya miraa, tembe ya Ritalin na kinywaji cha kuongeza nguvu, akidhani ni vitu vitatu tofauti, anaupiga moyo wake teke lile lile mara tatu.

Basi, kama umeandikiwa dawa hizi na daktari, zingatia haya:

1. Meza kipimo ulichoandikiwa, saa uliyoambiwa. Ukiisahau, usimeze mara mbili kufidia. Ukimeza jioni, usingizi utakuhama.

2. Tembe za kufanya kazi polepole usizisage wala kuzitafuna. Zimetengenezwa zitoe dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukizisaga, kipimo cha siku nzima kinaingia kwa mpigo.

3. Mwambie daktari kila kitu unachotumia: dawa za mafua, za presha, za mfadhaiko, pombe, miraa. Usione haya. Zipo dawa za mfadhaiko ambazo ni marufuku kabisa kuchanganywa na hizi.

4. Pimwa presha na mapigo ya moyo kila unaporudi kliniki. Watoto wapimwe urefu na uzito pia.

5. Maumivu ya kifua, kuzirai, kusikia sauti au kuona vitu visivyokuwepo: nenda hospitali mara moja, usingoje kesho.

6. Usiache ghafla bila kumwambia daktari, na usijipandishie kipimo mwenyewe.

7. Zifungie, uzihesabu, na ukiombwa sema hapana. Kumnyima rafiki si uchoyo.

Na wewe ambaye hukuandikiwa, lakini unaona kabisa huwezi kumaliza jambo lolote tangu utotoni? Nenda kwa daktari. Huenda una ADHD kweli. Huenda ni mfadhaiko, au upungufu wa damu, au ni kazi tu inayokunyima usingizi. Ile Ijumaa, mimi ugonjwa wangu ulikuwa usingizi. Saa nane za kulala zingeniwezesha kuona hitilafu ambayo saa arobaini za kukesha zilinificha. Nilipolala Jumatatu nikaamka Jumanne, niliipata kabla ya chai ya saa nne. Ilikuwa mstari mmoja.

Rafiki yangu bado yuko kazini, bado anameza tembe zake mbili, na bado ananicheka kwa ile sehemu ya tarehe. Kipakatalishi hakikupatikana. Nilichangia kununua kingine, lakini barua ya onyo iliyo kwenye faili yake siwezi kuifuta.

Kwa hiyo ndugu msomaji, mwenzako akija dawatini kwako usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi akakuomba tembe moja tu, mwambie aende nyumbani akalale. Na kama ni wewe unayeomba, kumbuka kwamba unachokiomba ni siku ya mtu.

Tuonane wiki ijayo, nikirudi kwenye seva zangu.