Rufani za Kashfa Zisikilizwe Mapema

Wahenga walinena kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Anayeujua vyema ukweli wa usemi huo ni mtu aliyekashifiwa, akaenda mahakamani, akashinda, kisha akaambiwa asubiri rufani.

Mfano ni mwalimu mkuu wa miaka 56 anayeandikwa gazetini kwamba amekula fedha za kujengea madarasa. Anafungua shauri Mahakama Kuu, naye anashinda. Inaamriwa alipwe fidia na aombwe radhi. Gazeti linakata rufani, kama ilivyo haki yake, na mahakama inakubali kusimamisha utekelezaji wa hukumu. Kwa watumishi wengi wa umma, umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Rufani hiyo ikikaa miaka minne, mwalimu ataagwa na wenzake huku wazazi wangali wakinong'ona. Hukumu ya mwisho itamkuta shambani kwake, wala haitamrudishia hata siku moja ya kazi.

Ucheleweshaji huo humwumiza pia mwandishi mwaminifu. Mhariri aliyeandika ukweli, akashindwa kwa makosa ya mahakama ya chini, hukaa miaka na deni la fidia kichwani. Gazeti lenye hofu ya namna hiyo huacha kufichua wizi wa mali ya umma, na mwenye kufaidika ni mwizi.

Mwaka 2023 Bunge liliirekebisha Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, likaiondoa kashfa katika makosa ya jinai ya sheria hiyo na kuiacha iwe jambo la madai. Hiyo ilikuwa hatua ya busara. Lakini aliyeambiwa atafute haki yake kwa njia ya madai anastahili kuikuta njia hiyo imefyekwa.

Katiba, katika Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 nazo zinampa asiyeridhika siku 30 za kutoa notisi, na siku 60 baada ya hapo za kuwasilisha rufani. Hata hivyo, muda wa kuandaa nakala za mwenendo wa shauri hauhesabiwi iwapo ameziomba kwa wakati. Marekebisho ya mwaka 2019 yalimtaka Msajili ahakikishe nakala hizo ziko tayari katika siku 90. Kila siku inayozidi hapo ni mzigo kwa mwenye haki na ahueni kwa mwenye hila.

Tena, kwa kanuni ya kale ya sheria ya Kiingereza, ambayo ni mojawapo ya mizizi ya sheria zetu, dai la kashfa hufa pamoja na mdai. Wapo wadaiwa wanaoijua hesabu hiyo.

Wengine watauliza: kwa nini kashfa itangulizwe ilhali kuna wafungwa na wenye migogoro ya ardhi? Swali hilo ni la haki. Aliye gerezani atangulie daima. Lakini shamba hubaki mahali pake hadi hukumu itolewe, na fedha hulipwa pamoja na riba. Jina la mtu huoza kadiri linavyosubiri.

Kwa hiyo, yafaa zile siku 90 ziheshimiwe bila udhuru. Rufani ya kashfa ikishasajiliwa, ipangiwe tarehe ya kusikilizwa papo hapo. Mawakili wanaoomba ahirisho lisilo na msingi watozwe gharama. Nayo magazeti yakubali kusahihisha kosa na kuomba radhi mapema, kabla shauri halijazaliwa.

Utu wa mtu unatambuliwa na Katiba. Utambuzi huo utakuwa na maana pale tu mwalimu aliyesingiziwa atakaposafishwa angali mbele ya wanafunzi wake.