Unga tunachanga, kortini nani anampeleka?

Vijana wa Migori na Homa Bay, hapa kwetu Muislamu kuwa na shemeji asiye Muislamu ni kawaida. Mume akifariki, matanga hayajaisha shamba linagawanywa, mjane anaambiwa "nenda kwa Kadhi wenu". Lakini Katiba, Kifungu cha 170, inampa Kadhi ndoa, talaka na mirathi pale tu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mahakama yake. La sivyo, ni korti ya kawaida. Na kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa la jinai. Sheria ya 2016 inaruhusu asiyejiweza aombe wakili wa bure. Sisi tunamchangia unga, sawa. Barua ya chifu na cheti cha kifo je? Msindikizeni wiki hii, kabla shamba halijauzwa.