Kazi za Mikono: Kuivalisha Injini Ndogo ya Gari la Moshi

Safu hii imekwisha kusema mengi juu ya kazi za mbao na za ngozi. Juma hili nataka kuzungumza juu ya kazi iliyo ndogo zaidi, tena yenye kutaka subira nyingi, nayo ni kuzivalisha injini za mfano za gari la moshi.

Injini hizi kwa kawaida huendeshwa kwa umeme wa volti 12 unaopita katika reli zake, na kipimo kinachopendwa sana ulimwenguni ni 1 kwa 87. Maana yake ni kwamba kila futi moja ya injini ya kweli huwa milimita 3.5 katika ile ya mfano. Zile za bei nafuu hutoka kiwandani zikiwa safi na zinakwenda vizuri, lakini ukiziangalia kwa karibu utaona kwamba ziko nusu uchi. Vishikio vya mkono ni mistari tu iliyovimba ubavuni. Mabomba hayatoki popote wala hayafiki popote. Katika chumba cha dereva hamna mtu, na pengine mmejaa mota.

Mwenye kuanza kazi hii hutamani kuyatengeneza hayo yote kwa siku moja. Huagiza pakiti ya vipande vidogo vya shaba nyeupe na vya plastiki, kisha hubandika kila kipande mahali anapoona pana nafasi. Injini yake huwa kama mtu aliyevaa saa tatu kwenye mkono mmoja.

Hapana budi kufahamu jambo moja kabla ya kushika gundi. Hakuna kitu kilichowekwa juu ya injini ya kweli kwa ajili ya urembo, isipokuwa rangi na jina lake. Vitu vingine vyote vimewekwa ama kwa ajili ya mkono na mguu wa mtu, ama kwa ajili ya kuchukua mvuke, maji, mafuta, upepo au mchanga kutoka hapa mpaka pale. Basi usibandike kitu usichojua kazi yake.

Chukua mfano wa pampu ya upepo wa breki, ile inayosimama wima ubavuni mwa boila katika injini nyingi. Pampu hiyo yataka bomba la kuiletea mvuke kutoka katika boila, na bomba la pili la kuutoa mvuke uliokwisha kutumika, ambao mara nyingi hupelekwa kwenye dohani. Yataka pia tundu la kuvutia upepo wa nje, na bomba la kuupeleka upepo ulioshindiliwa katika tangi lake. Ukibandika pampu peke yake bila mabomba hayo, umebandika kopo. Ukiyaweka mabomba yake, hata kama ni nyuzi za waya tu, mtu aliyefanya kazi katika reli ataitazama injini yako na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Watoto wetu wanaotengeneza malori ya waya na vifuniko vya chupa hawahitaji kufundishwa haya. Mtoto hulala chini ya lori la kweli akatazama usukani unavyougeuza mhimili, ndipo akaunda lake, na lake hugeuka.

Jambo la pili ni kuchagua injini moja, yenye namba yake, katika mwaka mmoja. Kwa sisi wa Afrika ya Mashariki hakuna mfano ulio bora kuliko injini kubwa za aina ya 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Zilitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956, nazo zilikuwa 34. Ni injini za namna ya Garratt: boila limetundikwa katikati, na mashine moja iko mbele na nyingine nyuma, kama machela inayochukuliwa na watu wawili. Urefu wake ni futi 104, na uzito wake na shehena yake ya maji na mafuta ulikuwa tani 252. Zilivuta magari ya mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na kila moja ilipewa jina la mlima. Ziliondolewa kazini katika miaka ya 1970 na kuuzwa kama vyuma vikuukuu, isipokuwa chache. Ile yenye namba 5918, iitwayo Mount Gelai, imo katika makumbusho ya reli Nairobi, na yeyote aweza kwenda na daftari na futi kamba akaipima.

Sasa tazama jinsi mwaka unavyobadilisha kazi. Injini hizi zilipofika zilikuwa na dohani ya mviringo. Baadaye zilitiwa dohani ya namna nyingine, iliyobuniwa na mhandisi wa Austria aitwaye Giesl, nayo ni nyembamba na ndefu, kana kwamba imebanwa kwa koleo. Kwa hiyo mtu anayetengeneza injini ya mwaka 1956 na kuiwekea dohani ya Giesl amechanganya mambo. Amekosea zaidi anayejaza makaa ya mawe nyuma, kwa kuwa injini hizi zilitumia mafuta. Nyuma yake panatakiwa tangi lenye kifuniko cha kumiminia. Mtu hawezi kuyajua haya kwa kukisia, bali kwa kutazama picha za injini ileile, na kama zipo picha za pande zote mbili, ni bora zaidi. Ubavu wa kulia wa injini haufanani na ule wa kushoto.

Hata hivyo simshauri mwanafunzi aanze na Garratt. Injini hiyo kwa kipimo cha 1 kwa 87 ina urefu wa milimita 364, na bei yake ni kubwa mno kwa mkono usiozoea. Aanze na injini ndogo kuukuu ya magurudumu sita, ya kupangia mabehewa stesheni, ambayo hata akiiharibu hatapoteza mshahara. Vyombo vya kazi si vingi: kisu kikali chenye ncha, koleo ndogo, tupa laini, msasa, na keekee ndogo ya kuzungushwa kwa vidole.

Kazi ya kwanza iwe vishikio vya mkono, kwa sababu ndivyo vinavyobadilisha sura ya injini upesi kuliko kitu kingine. Kabla ya kukata kitu, weka alama kwa penseli mahali ambapo mashina ya kishikio yanasimama, ama sivyo utapapoteza. Kisha kwangua ule mstari uliovimba kwa kisu kilicholazwa, kidogo kidogo, ukielekeza makali mbali na kidole chako. Pasugue kwa msasa uliotiwa maji. Tia kinukta kwa ncha ya sindano katika kila alama ili keekee isiteleze, na utoboe polepole bila kukandamiza.

Kishikio cha kweli hufumbatwa kwa ngumi, na unene wake ni inchi moja na kitu. Kwa kipimo chetu hiyo ni kama milimita 0.4. Waanzaji wengi hutumia waya mnene mara mbili zaidi kwa kuwa hupindika vizuri, na injini huonekana imefungwa mabomba ya maji ya nyumbani. Tafuta waya wa shaba wa unene unaofaa, uunyoshe kwa kuuviringisha chini ya kipande cha ubao, kisha pinda ncha zake. Unapouingiza, weka kipande cha kadi ngumu kati ya waya na ubavu, ili nafasi iwe sawa toka mwanzo hadi mwisho. Gundi itiwe kwa ndani, tone dogo tu kwa ncha ya kijiti. Gundi ile kali inayoshika mara moja huacha ukungu mweupe juu ya rangi, na harufu yake si njema, basi fungua dirisha.

Baada ya hayo, nunua au chonga mtu mmoja wa urefu wa milimita 20. Huyo ni mtu wa kimo cha kadiri kwa kipimo cha 1 kwa 87, na atakuwa msimamizi wako. Msimamishe kando ya injini. Je, aweza kukifikia kishikio? Aweza kupanda ngazi bila kuruka kama mbuzi? Akiwa juu ya tangi, atakifunguaje kifuniko? Mara nyingi mtu huyu atakuonyesha kosa ambalo rula haikulionyesha.

Mabomba ya mchanga ni madogo lakini yasisahauliwe. Kazi yake ni kumwaga mchanga juu ya reli ili magurudumu yasiteleze, kwa hiyo ncha ya bomba huelekea pale gurudumu linapogusana na reli, karibu kabisa. Hapo ndipo penye hatari. Magurudumu ya injini ya mfano huchukua umeme kutoka katika reli mbili, na waya wa shaba ukiyagusa ya pande zote mbili umeme hukatiza njia, injini husimama, na pengine huungua. Kwa mabomba ya chini heri kutumia uzi wa plastiki.

Juu ya rangi na uchafu sitasema mengi, ila kwamba nimechoka kuona injini zilizopakwa kutu mwili mzima. Injini iliyotunzwa haikuwa hivyo. Masizi hukaa juu, vumbi hukaa chini karibu na magurudumu, mafuta hutiririka chini ya kifuniko cha tangi, na pale maji ya boila yanapovuja na kukauka hubaki alama nyeupe. Vishikio navyo hung'aa, kwa kuwa vinashikwa kila siku. Chaki iliyosagwa na kupakwa kwa brashi laini yatosha, na ukikosea unaiosha.

Kabla ya kuwasha umeme, isukume injini kwa mkono katika kona iliyo kali kuliko zote, mbele na nyuma, huku ukimulika chini yake kwa tochi. Ikikwama, usilazimishe. Tafuta waya unaogusa, uusogeze nje kwa unene wa karatasi, ujaribu tena.