Risasi za bei ya chini hazitamaliza bunduki

Kuna maneno yanayozunguka: eti risasi za ganda la chuma, zile za bei ya chini, zinakula bunduki, basi vita itakwisha yenyewe. Si kweli.

Ganda halipiti kwenye mtutu, linatupwa pembeni. Tena chuma chake ni laini kuliko cha bunduki. Kinachokula mtutu ni moto wa baruti na kichwa cha risasi, na hiyo ni baada ya maelfu ya risasi. Jeshi la Kisovieti lilitumia Kalashnikov na risasi za ganda la chuma miaka mingi. Bunduki aliyobeba baba, mtoto anaweza kuirithi.

Kwa hiyo anayetuambia tungoje silaha zichakae anatulaza usingizi. P-DDRCS iliundwa 2021 ili wapiganaji waweke silaha chini. Mkataba wa Kinshasa wa 2010 unahusu silaha ndogo na risasi zake pia. Tuwaulize viongozi: bunduki ngapi zimekusanywa kwetu? Risasi zinapita njia gani? Bunduki haifi kwa uzee. Bila risasi, inanyamaza.