Mwanagenzi wa Kompyuta Anahitaji Mwalimu wa Sarufi

Sura zilizotangulia zimemwelekeza mwalimu mtarajiwa kutofautisha njeo na hali, kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, pamoja na upatanisho wa ngeli. Baadhi ya wanachuo huuliza, tena kwa haki, kwamba mambo hayo yatamfaa nani nje ya chumba cha mtihani. Nitajibu kwa mfano usiotoka darasani, nao ni wa kijana anayejifunza kazi ya kuhudumia kompyuta na simu katika miji ya Arua na Koboko. Maoni yangu ni kwamba kijana huyo anaihitaji sarufi ya Kiswahili kama anavyoihitaji bisibisi, na kwamba wajibu wa kumpatia ni wetu.

Uanagenzi katika kazi hii hufuata njia inayojulikana. Kijana huanza kwa kuketi kando ya fundi na kupanguza vumbi kwa brashi. Hufundishwa kufungua skrubu na kuzipanga kwa utaratibu ili zisipotee, kisha kupima chaja kwa mita, kisha kusakinisha programu upya. Mwishowe huachiwa kuwapokea wateja fundi anapokuwa hayupo, au hutumwa kuhudumia ofisi ambayo mashine zake zimekwama. Ujuzi wenyewe una mahali pa kupatikana. Chuo Kikuu cha Muni, kilichopo Arua, hufundisha teknolojia ya habari, na Sheria ya Elimu ya Ufundi ya mwaka 2008 ilifungua njia ya kuutahini na kuutambua kwa cheti ujuzi uliopatikana kazini. Hata hivyo, kuna sehemu moja ya kazi ambayo mwanagenzi huachwa aiokote mwenyewe njiani, nayo ni kumsikiliza mtu anayeeleza hitilafu, kumuuliza, na kumwelekeza.

Naisema habari hii kwa sababu niliwahi kuwa mteja mbaya. Miaka michache iliyopita, katika wiki ya kuwasilisha alama za wanafunzi, niliipeleka kompyuta yangu mpakato kwenye karakana moja mjini Arua. Kwa haraka niliyokuwa nayo nilimwambia mwanagenzi, "Kompyuta yangu imezimika," nikaondoka. Kijana alinielewa sawasawa na nilivyosema, kwamba mashine imezimika na haiwaki. Alipima chaja, akafungua mashine, akakagua njia za umeme. Ilipowaka mezani pake bila taabu, ikiwa imechomekwa kwenye umeme, alizidi kutafuta kosa asilolijua. Siku ya tatu fundi mkuu aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, imezimika mara moja, au huzimika?" Nikajibu kwamba huzimika kila ninapochomoa chaja. Betri ilibadilishwa, na kazi ikaisha kabla sijamaliza kikombe cha chai. Kilichonitia haya ni kwamba kijana yule alikuwa amekwisha kukaripiwa mbele ya wateja, na kosa lilikuwa katika sentensi yangu, mimi ninayewakata wanafunzi alama kwa kuchanganya *-me-* na *hu-*.

Tazama jinsi kiambishi kimoja kinavyobeba uchunguzi mzima. Mteja akisema, "Ilizimika jana umeme uliporudi, na tangu hapo haiwaki," *-li-* na kishazi cha wakati vinaonyesha tukio moja lenye saa yake, na fundi ataanza kushuku chaja au saketi iliyopigwa na umeme wa ghafla. Akisema, "Huzimika ninapochomoa chaja," *hu-* inaonyesha mazoea yenye sharti lisilobadilika, na betri ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Akisema, "Ikitumika nusu saa inazimika," *-ki-* inatuambia kwamba muda ndio unaotangulia hitilafu, na huenda feni imejaa vumbi na mashine inapata joto kupita kiasi. Kitenzi ni kimoja katika mifano yote mitatu, na viambishi ndivyo vinavyomwambia fundi aanzie wapi. Katika West Nile jambo hili ni zito zaidi. Kwa miaka mingi eneo hili halikuwa katika gridi ya taifa. Lilitegemea jenereta na, kuanzia mwaka 2012, mtambo mdogo wa maji wa Nyagak. Fundi wa huku amezoea kuanza na swali kuhusu umeme, na swali hilo kwa asili yake ni swali la njeo: ulikatika lini, hukatika mara ngapi, na mashine ilikuwa ikifanya nini ulipokatika?

Funzo la pili liko katika mnyambuliko. Mwanagenzi anayemwambia karani wa ofisi, "Umeiharibu," amemshtaki. Anayesema, "Imeharibiwa," hakumtaja mtu, lakini kauli ya kutendwa bado inaashiria kwamba mtendaji yupo mahali fulani. Anayesema, "Imeharibika," ametaja hali ya kifaa bila kutafuta wa kulaumiwa. Karani aliyeshtakiwa huficha alichokifanya, na fundi asiyeambiwa kilichofanyika hubaki akipapasa gizani. Kwa hiyo kauli ya kutendeka ni adabu, na papo hapo ni mbinu ya kazi. Tuliifundisha kwa "mlango umefunguka" na "kikombe kimevunjika". Hakuna kinachotuzuia kuifundisha kwa "faili limefutika" na "mtandao umekatika".

Tatu ni upatanisho, na hapa hatari ni ya kweli. Huduma nyingi siku hizi hutolewa kwa simu, na fundi haoni meza ya mteja. Kitenzi *-futa* kina maana mbili katika kazi hii, yaani kupanguza uchafu na kuondoa maandishi yaliyohifadhiwa. Kama mazungumzo yamegusa skrini yenye vumbi na faili la mishahara, "ifute" ni kuipanguza skrini, na "lifute" ni kuliondoa faili. Mtu aliyezoea kuviita vitu vyote kwa *i-* anaweza kupoteza kazi ya mwezi mzima kwa silabi moja. Vivyo hivyo, "uuchomoe" huelekeza kwenye waya, na "uichomoe" kwenye chaja. Kiambishi cha mtendwa ndicho kidole cha mtu asiyeonekana.

Nimekwisha kusikia pingamizi mbili. Ya kwanza hudai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kompyuta. Dai hilo limepitwa na wakati. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Pakua, pakia, hifadhi, nakili, bandika na nenosiri ni maneno yanayotumika. Tena, kama nilivyoonyesha, maneno yaliyoniponza mimi hayakuwa magumu. Kompyuta na kuzimika anayajua kila mtu. Pungufu lilikuwa katika matumizi ya kiambishi.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: mashine huzungumza Kiingereza, na mitihani huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, na sisemi Kiingereza kiachwe. Ujumbe wa hitilafu kwenye skrini lazima mwanagenzi ausome. Lakini mteja hausemi ujumbe ule. Koboko iko karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, na Wakakwa wenyewe wamegawanyika katika nchi hizo tatu. Arua hufanya biashara na Ariwara ng'ambo ya mpaka. Katika makazi ya Lobule wanaishi wakimbizi kutoka Kongo. Mteja anaweza kuanza kwa Kilugbara, akaendelea kwa Kilingala au Kiarabu cha Juba, na mara nyingi watu wasio wa lugha moja hukutana katika Kiswahili. Anaposema, "Kompyuta iko nazima," mwanagenzi asimcheke, na mwalimu asimcheke pia. Sentensi hiyo ina kanuni zake na inaeleweka. Kazi ya mwanagenzi ni kuuliza mpaka ajue kama mashine inazimika yenyewe au inazimwa na mtu, kisha aandike katika daftari la kazi kwa Kiswahili sanifu ambacho fundi mwingine ataweza kukisoma bila kumwita mteja tena.

Kwa watu wa huku kuna sababu nyingine. Wazee wetu wengi walikisikia Kiswahili kwanza katika kambi za jeshi, na amri ya mwaka 1973 iliyokitangaza kuwa lugha ya taifa ilitolewa na serikali ya kijeshi. Kwao hii ilikuwa lugha ya "simama", "keti", "toa". Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekifanya somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza. Sheria na mitaala haviondoi kumbukumbu ya amri. Pengine karakana itaiondoa, kwa kuwa huko Kiswahili husikika kikiuliza, kikiweka sharti na kikisihi: "Ilianza lini? Ukiiwasha, taa inawaka? Tafadhali uizime, ungoje dakika moja, kisha uiwashe tena."

Kwa hiyo, mwalimu mtarajiwa, utakapopangiwa shule ya mazoezi, tafuta karakana iliyo karibu nayo. Omba ruhusa ya fundi, keti kwa saa moja, uandike malalamiko kumi ya wateja kama yalivyosemwa, bila majina yao. Yapeleke darasani, uwaombe wanafunzi waeleze kila kiambishi kinamwambia fundi nini. Kisha rudi karakana, ukamsomee mwanagenzi walichokigundua. Akiongeza swali moja katika yale anayowauliza wateja, somo lako litakuwa limemfaa mtu, na labda mwalimu mwingine mwenye haraka hatamsababishia kijana makaripio asiyostahili.