Mafunzo ya kompyuta nayo yanahitaji shamba darasa

MKULIMA haamini mbegu mpya kwa kusoma kijitabu peke yake. Huiona kwanza kwenye shamba darasa, mahali ambapo ikishindwa kuota hakuna familia itakayolala njaa. Utaratibu huo huo unahitajika katika fani ambayo wengi wetu hudhani haituhusu, yaani usimamizi wa mifumo ya kompyuta.

Fani hiyo inatuhusu sana. Katika msimu wa mwaka 2024, korosho zilinadiwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Vyama vya msingi na SACCOS navyo vinahamisha hesabu zao kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta. Kompyuta inayotunza hesabu hizo ikizimika siku ya malipo, anayesubiri ni mwenye mzigo ghalani. Kama hakuna nakala ya akiba, kilo zake zinageuka ubishi.

Kwa mantiki hiyo, tunahitaji vijana wanaoweza kufunga seva, kulinda nywila, kuweka nakala na kufufua mfumo ulioanguka. Wengi wa vijana hao watasoma kwa njia ya intaneti, kwa kuwa pango na nauli za mjini ni mzigo kwa mzazi. Kusoma kwa mbali si jambo geni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Tatizo ni kozi inayoishia kwenye video na maswali ya kuchagua jibu. Kijana anapata cheti bila kuwahi kuharibu kitu na kukitengeneza.

Dawa yake ipo, nayo inaitwa kompyuta pepe. Hii ni programu inayokata sehemu ya kumbukumbu na diski ya kompyuta ya kawaida, kisha sehemu hiyo ikafanya kazi kama kompyuta nyingine kamili. Wazo hili lilifanyiwa kazi na kampuni ya IBM tangu miaka ya 1960. Leo programu kama VirtualBox, iliyotolewa mwaka 2007, mwanafunzi huipata bila malipo, na mfumo wa Linux wa kuweka ndani yake nao ni wa bure.

Faida yake ni kubwa. Kabla ya zoezi, mwanafunzi huhifadhi hali ya kompyuta pepe ilivyo. Akikosea, hurudi pale pale kwa dakika chache. Mwalimu anaweza kumpa kompyuta pepe iliyoharibiwa makusudi, diski imejaa au nywila imepotea, na kumtaka aifufue. Hapo ndipo fundi anapopimwa, na hesabu ya mkulima haiguswi.

Hata hivyo, gharama zipo. Kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha kuendesha seva pepe mbili au tatu ndogo, lakini kuipata si rahisi kwa kila kaya. Faili la kufunga Ubuntu Server toleo la mwaka 2024 linazidi GB 2, na hilo ni bando la kuumiza mfuko. Tunavishauri vyuo vitoe mafaili hayo kwenye flashi. Kwa asiye na kompyuta yenye nguvu, chuo kiweke kompyuta pepe kwenye seva zake, naye aziendeshe kwa kuandika amri, kazi inayotumia data kidogo.

Aidha, kompyuta pepe haifundishi vumbi, waya uliolegea wala umeme unaokatika mchana. Hayo yatafundishwa na miezi michache ya mazoezi katika ofisi halisi, na vyama vya ushirika vifungue milango yao.

Mzazi, kabla ya kuuza gunia ulipe ada, uliza maswali mawili: mtoto ataendesha seva yake mwenyewe tangu wiki ya ngapi? Na mtihani wa mwisho ni wa kuandika au wa kutengeneza? Viongozi wa ushirika nao, mnapoajiri, msiishie kusoma cheti. Mpeni mwombaji kompyuta pepe iliyoharibika na saa mbili za kuifufua.