Sauti ya Nani?

Maneno "utafiti umethibitisha" yamekuwa kama muhuri wa serikali: yakishatamkwa semina nzima hunyamaza. Mkufunzi akija kutoka Mbarara hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale na kijitabu cha mbinu mpya ya kusomesha, ni rahisi kwa walimu kudhani kuwa kimya chao ndiyo adabu. Sivyo. Anayeuliza utafiti huo ulifanywa wapi, kwa lugha gani na kwa vifaa gani hamvunjii mtu heshima. Anauliza yale ambayo mtafiti mwenyewe, akiwa mwaminifu, aliyaandika katika kurasa za mwanzo za ripoti yake.

Tazameni herufi moja tu, c. Kwa mtoto wa Kinyarwanda au Kirundi hiyo ni ch ya Kiswahili. Kwa Msomali, ambaye lugha yake imeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972, ni sauti ya kooni, ile ain ya Kiarabu. Mkongomani aliyezoea Kiswahili haijui mpaka ifuatwe na h. Kiingereza nacho huifanya k hapa na s pale. Watoto wote hao hukutana katika darasa moja Nakivale, kisha kijitabu kinaagiza: anza na sauti ya herufi. Sauti ya nani? Mbinu ya sauti ina ushahidi mzito, wala siupingi. Jopo la kitaifa la Marekani kuhusu usomaji, lililotoa ripoti mwaka 2000, liliipa uzito mkubwa. Lakini ushahidi ule kwa sehemu kubwa ulitokana na watoto wanaosoma Kiingereza, lugha ambayo maandishi yake hukwepana na matamshi. Mtaala wa Uganda wa 2007 ulitaka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo, yaani Runyankore kwa upande huu. Na kwa watoto wengi wa makazini, lugha ya eneo si lugha ya nyumbani.

Kipimo nacho kina mtego wake. Majaribio mengi huhesabu maneno anayosoma mtoto kwa dakika moja. Katika Kiswahili "tutakapowaletea" ni neno moja. Mwingereza atahitaji manne au matano kusema jambo lilo hilo, na Runyankore hushikamanisha maneno vivyo hivyo. Ukiweka hesabu za lugha mbili kwenye jedwali moja, umepima urefu wa maneno ukadhani umepima akili za watoto.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi unatoka Lango, kaskazini mwa Uganda. Jason Kerwin na Rebecca Thornton walichunguza mpango wa kusomesha kwa lugha ya mama. Ulipotekelezwa kwa vifaa na usimamizi kamili, kusoma kulipanda sana. Toleo lililopunguzwa gharama halikuleta faida ya kusoma ya kutegemewa, na katika baadhi ya vipengele vya uandishi watoto wake waliachwa nyuma na wenzao wasioguswa na mpango wowote. Mbinu ni ileile, jina ni lilelile! Basi mwalimu akiletewa kijitabu bila vitabu vya watoto wala mtu wa kumtembelea darasani, ana haki ya kuuliza ni toleo lipi kati ya hayo mawili lililothibitishwa.

Watasema walimu watajificha nyuma ya maswali ili waendelee kuimbisha ubao. Hofu hiyo ina msingi, maana darasa zima laweza kuitikia kwa sauti moja ukurasa ambao hakuna hata mmoja anayeusoma. Kwa hiyo enyi walimu, anayedai ushahidi wa mbinu ya mgeni audai pia wa mbinu yake mwenyewe. Wengine watasema darasa limefurika na muda hakuna. Mwalimu haombwi kuwapima watoto wote. Watoto watano kwa juma, kila mmoja peke yake, asome sentensi ambayo haijawahi kuandikwa ubaoni, aeleze maana kwa lugha yoyote anayoimudu, hata kama itabidi mwenzake amtafsirie. Mwalimu aandike tarehe na alichosikia. Daftari hilo ndilo la kwenda nalo kwenye semina ijayo Mbarara, na lifunguliwe kabla ya kijitabu.